Vijana Hatusomi? Mmetuandikia Ukuta

Wasee, leo sina utani mwingi. Nina hasira, na nitaieleza polepole ndiyo tuelewane.

Mwaka juzi anti yangu alinipigia simu jioni. "Wewe si ndiye wa mitandao? Kuna kitu nimekutumia, hebu nisomee. Macho yangu yamekataa." Nikafungua WhatsApp. Lilikuwa tangazo la basari ya wadi, ile ya watoto wa sekondari. Mtu alikuwa amepiga picha karatasi iliyobandikwa ukutani, akaipiga kwa upande, kivuli cha mkono wake kikafunika kona moja. Karatasi yenyewe ilikuwa aya moja kutoka juu hadi chini, herufi kubwa tupu. Ilianza kwa kuwashukuru viongozi, kila mmoja kwa jina na cheo. Kisha ikatukumbusha kwamba elimu ni muhimu. Kisha ikataja sheria zilizounda hizo pesa. Tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa chini kabisa, na juu ya hiyo tarehe mtu alikuwa amegonga muhuri.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu. Ni 13 ama ni 18? Nikamwambia anti, "Naona kama 18." Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye wa mitandao.

Ilikuwa 13.

Anti alifika ofisini na fomu tarehe 17. Alipewa jibu la maneno manne ambayo yamenikaa kichwani hadi sai: "Shida yenu hamsomi matangazo." Binamu yangu alikuwa Kidato cha Pili. Muhula uliofuata alikaa nyumbani wiki tatu, hadi chama cha anti kilipomkopesha.

Hamsomi? Anti alisoma, na miwani yake. Mimi nilisoma, na macho yangu ya miaka ishirini na kitu. Tulisoma na tukakosea, kwa sababu kitu chenyewe hakikuandikwa kisomwe. Kiliandikwa ndiyo mtu aseme ametangaza.

Sasa hoja yangu ni hii, na siiogopi: ukiandika kitu hakisomeki, kosa ni lako. Si la msomaji. Iwe ni ofisi, iwe ni gazeti la mtandaoni, iwe ni mimi na wewe tunaojiita wabunifu wa maudhui.

Ati vijana hawasomi

Hii stori tumeisikia tangu shule ya msingi. Vijana hawasomi. Akili zao zimeharibiwa na video za sekunde kumi na tano. Ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Watu wazima wanaisema hii wakicheka, kama vile ni mzaha wa harusi.

Tuongee ukweli. Juni 2024 Kenya ilikuwa na Mswada wa Fedha. Kama umewahi kufungua mswada wowote, unajua ulivyo: "kifungu hiki kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na kuweka maneno yale." Hakuna maandishi makavu kuliko hayo. Na bado vijana waliusoma. Waliukatakata vipande vidogo. Mmoja alichukua ile asilimia 16 ya kodi kwa mkate, akaiweka kwa mistari mitatu. Mwingine akachukua ile asilimia 2.5 ya thamani ya gari, akaonyesha mwenye probox atalipa ngapi. Watu wakautafsiri kwa lugha za kwao, wengine wakatengeneza programu ya kujibu maswali kuhusu mswada. Nyanya mashambani walijua kilichomo. Tarehe 26 Juni, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kuna wenzetu walioenda mtaani siku hizo na hawakurudi nyumbani, kwa hivyo hili si jambo ninaloligusa kwa wepesi.

Lakini liangalie vizuri. Mswada ni ule ule, vijana ni wale wale mnaosema hawasomi. Kilichobadilika ni jinsi maneno yalivyopangwa. Mtu alichukua ukuta akaufanya ngazi, na watu wakapanda.

Na hii tabia ya kupitisha macho haraka haraka, si ya kizazi chetu. Mwaka 1997, huko Marekani, watafiti Jakob Nielsen na John Morkes walichunguza jinsi watu wanavyosoma kwenye tovuti. Asilimia 79 walipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya. Asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. 1997! TikTok haikuwepo. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Waliokuwa wakirukaruka mistari ndio hao hao leo wanatuambia hatuna subira.

Watafiti hao hawakuishia kulalamika. Walichukua maandishi yale yale wakayaandika upya. Walipopunguza maneno karibu nusu, urahisi wa kuyatumia ulipanda kwa asilimia 58. Walipoyapanga yaweze kupitiwa na macho, kwa vichwa vidogo na orodha, ulipanda kwa asilimia 47. Walipofanya yote mawili na kuondoa maneno ya kujisifu, ulipanda kwa asilimia 124. Msomaji hakubadilishwa. Hakupelekwa semina. Aliyebadilika ni mwandishi.

Hata nafasi kati ya maneno ililetwa na mtu

Angalia hii:

SIKUHIZIVIJANAHAWASOMIVITABU

Umeisoma, lakini imekusumbua kidogo, si ndio? Basi hivyo ndivyo Wagiriki na Warumi wa kale walivyoandika vitabu kwa miaka mingi sana. Maneno yameshikana, hakuna nafasi. Msomaji alitakiwa ayatenganishe mwenyewe kwa kuyatamka.

Nafasi kati ya maneno ilianza kushika kasi kwa watawa wa Ireland, karne ya 7 na ya 8. Kwa nini wao? Kwa sababu Kilatini haikuwa lugha ya mama yao. Walikuwa wanajifunza, maneno yaliyoshikana yaliwachanganya, kwa hivyo wakayatenganisha. Leo hakuna anayesema wale watawa walikuwa wavivu. Hakuna anayesema nafasi imeharibu akili za watu. Kila mtu anaitumia, kuanzia profesa hadi yule ofisa aliyemwambia anti hasomi.

Kila kitu kinachofanya kusoma kuwe rahisi, wakati fulani kilikuwa kipya: nafasi, alama za kuuliza, aya, namba za kurasa. Vyote vilikuwa ni mtu kumhurumia msomaji. Sasa kwa nini huruma hiyo iishe ikifika kwa simu yangu?

Makosa manne ninayoyaona kila siku

*La kwanza ni ukuta.* Hii ni hesabu rahisi. Simu yangu inashika herufi kama 40 kwa mstari. Aya ya maneno 120 ya Kiswahili, pamoja na nafasi, inakaribia herufi 840. Hiyo ni mistari 21. Yaani skrini nzima bila pa kupumua, na hapo ni aya moja tu. Kwenye gazeti la karatasi aya hiyo hiyo inakaa poa kabisa. Kwa simu ni ukuta.

Na Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu maneno yake ni marefu. "Hatukuwaambia" ni neno moja kwetu. Mzungu anatumia matano. Ukilazimisha mistari inyooke pande zote mbili kwa skrini nyembamba, maneno marefu yanarukia mstari wa chini na kuacha mashimo katikati, kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Acha upande wa kulia uwe na mawimbi yake. Haimuumizi mtu.

*La pili ni rangi.* Nani aliwaambia kijivu hafifu juu ya nyeupe ni ustaarabu? Kuna mwongozo wa kimataifa wa tovuti unaoitwa WCAG, unaotolewa na shirika la W3C. Unasema maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kile kijivu hafifu mnachokipenda, mara nyingi hakifiki hata 3. Kipimo hicho kilitoka 2008. Si habari mpya.

Nyinyi mnatengeneza kurasa mkiwa ofisini, skrini kubwa, mapazia yamefungwa. Mimi nazisoma ndani ya mathree saa saba mchana, jua linapiga dirishani, kioo kimepasuka, mwanga wa simu nimeupunguza ndiyo chaji inifikishe nyumbani. Kijivu chenu hapo ni karatasi tupu. Manze, naona tu uso wangu.

*La tatu ni kugeuza maandishi kuwa picha.* Hili ndilo lililomponza binamu yangu. Ukipiga picha karatasi, umeua kila kitu ambacho maandishi yanaweza kufanya. Ukiyavuta yawe makubwa, yanakuwa ukungu. Huwezi kuyatafuta. Huwezi kunakili namba ya simu iliyomo. Huwezi kuyatafsiri kirahisi.

Na inakula bando. Maneno 1,000 ya Kiswahili ni kama kilobaiti 7. Picha iliyotoka kwa kamera ya simu bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 3.5. Piga hesabu: hiyo ni mara 500 zaidi, kwa karatasi yenye maneno 200. Mzazi aliyenunua bando la shilingi ishirini ndiye anayelipia uvivu wa mtu aliye na Wi-Fi ya ofisi.

Kuna jamaa nilisoma naye chuo, haoni. Simu yake ina TalkBack, ile programu ya Android inayomsomea skrini kwa sauti. Siku moja nilimuuliza matangazo ya namna hiyo yanamfikia vipi. Akacheka. "Bro, inaniambia 'picha'. Halafu kimya." Dunia nzima iko ndani ya hilo neno "picha", na yeye amefungiwa nje. Akaniongezea jambo ambalo sikuwa nalijua: ukurasa wa Kiswahili ambao mipangilio yake inasema ni wa Kiingereza, programu inaweza kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza. Akanisomea "tunawakaribisha" ilivyosikika. Tulicheka hadi tukalia, lakini baadaye nikakaa nikawaza. Kurekebisha hilo ni kuandika herufi mbili tu kwa mipangilio ya ukurasa: sw.

*La nne ni kunizungusha.* Naingia kusoma kitu kimoja. Kabla sijaona sentensi ya kwanza, kidirisha kinaruka kinaomba barua pepe yangu. Nakifunga. Kingine kinaomba kunitumia arifa. Nakifunga. Tangazo linashuka kutoka juu, alama ya kulifunga ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, nabonyeza, najikuta kwa tovuti ya kamari. Najua matangazo ya biashara ndiyo yanalipa bili. Sisemi myatoe. Weka kando, weka katikati ya aya, weka mwisho. Usiliweke juu ya sentensi niliyoijia. Hakuna mwenye duka anayesimama mlangoni kuzuia wateja halafu analalamika biashara ni mbaya.

Kuna kuzungushwa kwa aina nyingine pia, na hapa naomba wenzangu tusemane. Sisi tuliofanya KCPE tulifundishwa kuandika insha kwa mapambo. Huwezi kusema kulikucha. Lazima jua lichomoze mashariki, jogoo wawike, umande umetemete, ndege waimbe. Alama zilipatikana hivyo. Sasa tumekuwa watu wazima na bado tunaandika hivyo. Mtu anataka kuniambia bei ya nauli imepanda, anaanza na historia ya usafiri duniani. Buda, nauli ni ngapi?

Hata mimi nilikuwa kwa hiyo mbogi

Msidhani nimekuja hapa nikiwa msafi. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mandhari ya zambarau, maandishi ya waridi, na fonti ya kuiga mwandiko wa mkono. Ulikuwa na wimbo ulioanza wenyewe ukiufungua. Nilikuwa nauona mkali sana. Nikimwonyesha mtu ananiambia "iko fiti", basi natembea kifua mbele.

Ni yule jamaa yangu wa TalkBack, na binamu yangu mwingine ambaye anaona vizuri kabisa, walionipasulia. Binamu aliniambia hivi: "Nimependa rangi. Umeandika nini?" Hakuwa ananitusi. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amekaa kwa ukurasa wangu dakika mbili na hakujua nimeandika nini.

Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeandika kitu cha maana. Nilikuwa nimeandika juu ya babu yangu, mwaka aliofariki. Nilikuwa nimemzika mara ya pili, chini ya zambarau.

"Lakini urembo je?"

Hapa ndipo wengi hunijibu: ukitoa rangi na fonti kali, unabaki na ukurasa kama barua ya benki. Kijana gani atausoma?

Jibu langu liko barabarani. Panda matatu yoyote ya Nairobi. Ile nganya ina michoro kutoka bampa hadi bampa, sura za wasanii, taa za kila rangi, skrini ndani, muziki unapiga kifua. Hakuna mtu anaweza kuita hiyo kitu barua ya benki. Lakini angalia mbele, kwa kioo. Namba ya ruti iko hapo: 111 ya Ngong, 58 ya Buruburu, 125 ya Rongai. Makanga na mchoraji wanajua kwamba urembo wote ule hauna faida kama abiria haoni gari linaenda wapi. Namba haichorwi kwa kijivu. Haifichwi nyuma ya mchoro.

Kwa hivyo usiniambie urembo na usomekaji vinapigana. Vijana waliochora nganya walimaliza huo ubishi kitambo. Pamba gari lako unavyotaka, lakini acha namba ya ruti ionekane.

"Kurahisisha ni kupumbaza"

Wengine ni wakali zaidi. Wanasema tukikata sentensi fupi fupi na vichwa vidogo, tutazaa kizazi kisichoweza kufikiri kwa kina. Tuwaache vijana wapambane na maandishi magumu, wakomae.

Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaudharau. Kuna maandishi ambayo ugumu wake ndio thamani yake. Shairi zuri la mizani halikupi kila kitu mara ya kwanza. Kitabu cha fizikia hakiwezi kuwa chepesi kama mchongoano. Sitaki mtu amchukue mshairi na kumgeuza awe orodha ya nukta tano.

Lakini tofautisha ugumu wa wazo na ugumu wa njia ya kulifikia. Mlima Kenya ni mgumu kupanda, na huo ndio utamu wake. Barabara ya kufika langoni ikiwa na mashimo, hakuna anayesema mashimo yanamkomaza mpanda mlima. Yanamchosha tu kabla hajaanza. Kijivu hafifu hakijawahi kumfundisha mtu kufikiri. Muhuri juu ya tarehe haumjengi mtoto. Ukiondoa mashimo, msomaji anafika kwa wazo gumu akiwa bado ana nguvu za kulishughulikia.

Na kuna jambo jingine. Mara nyingi anayeandika kwa ugumu hajui anachotaka kusema. Kuandika wazi kunatisha, kwa sababu ukisema wazi, watu wataona kama una hoja ama huna. Ukuta ni mahali pazuri pa kujificha.

Kwa ofisi, hili si ombi

Mimi na wewe tukiandika vibaya, tunapoteza wasomaji. Basi. Ofisi ya umma ikiandika vibaya, mtoto anakosa shule. Kwa hivyo wao hawaambiwi tu "tafadhali".

Katiba ya 2010, Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 54 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia Braille, lugha ya ishara au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano. Na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka taarifa zisambazwe kwa kuzingatia watu wenye ulemavu, gharama, na lugha ya mahali. Soma tena: gharama na lugha. Halafu kumbuka ile picha ya megabaiti tatu, kwa Kiingereza cha mahakamani, iliyobandikwa mahali ambapo nusu ya wazazi wanaongea Kiswahili na lugha ya mama.

Tangazo ambalo halisomeki ni sawa na tangazo ambalo halikutolewa. Mtu asiweke tiki kwa fomu yake kwamba amewajulisha wananchi, kama mwananchi mwenye miwani na mpwa wa mitandao hawawezi kutofautisha 13 na 18.

Sasa tufanyeje

Sitaki kulalamika halafu nitoroke. Haya ndiyo ninayofanya sasa kabla sijatoa chochote, na hayagharimu hata bob moja.

Naanza na kile msomaji amekuja kutafuta: ni nini, inamhusu nani, lini, wapi. Shukrani kwa waheshimiwa zinaweza kusubiri chini. Hawataanguka.

Nakata aya ikizidi mistari sita au saba kwa simu yangu. Si kwa kompyuta, kwa simu, kwa sababu huko ndiko inasomwa.

Natoka nje kwa jua, nashusha mwanga wa skrini, naangalia kama naona. Nikikaza macho, rangi inabadilishwa.

Kama kuna maneno ndani ya picha, nayaandika pia kama maandishi chini yake. Inachukua dakika tatu.

Mwisho nasoma kwa sauti. Mahali napokosa pumzi, nafunga sentensi. Mahali najisikia naringa, nafuta. Nikiona "umande umetemete" napiga kofi mkono wangu.

Na kama wewe si mwandishi, bado una kazi. Ukitumiwa ukuta, usinyamaze ukidhani wewe ndiye mjinga. Rudisha. Uliza, "Tarehe ni gani? Mbona haionekani?" Tumefundishwa kuona aibu tusipoelewa. Hiyo aibu tumebebeshwa, si yetu. Mimi ningeuliza siku ile badala ya kubahatisha 18, labda binamu yangu hangekaa nyumbani. Hilo nalibeba, na sitalisukumia muhuri peke yake.

Tangu hapo, tangazo lolote likiingia kwa kundi la wazazi la anti, ananitumia kwanza. Nikiona kitu hakionekani, tunapiga simu ofisini kuhakikisha. Kisha ninaliandika upya. La mwaka uliofuata lilikuwa mistari minne: basari ya wadi, wanafunzi wa sekondari, fomu zirudishwe kabla ya tarehe fulani, leta nakala ya kitambulisho cha mzazi na ripoti ya muhula. Nikalituma kama maandishi ya kawaida, bila picha, bila maua.

Dakika kumi baadaye anti akaniandikia: "Hii nimesoma bila miwani. Nimetumia wamama wote."

Walirudisha fomu kwa wakati. Hao ndio watu mlisema hawasomi.